Mbegu za liki

Kimara, Dar es Salaam

Mpendwa Halima,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, ila masika yametuchosha na shemeji yako bado analalamikia bati lile lile. Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Leo nina shida na mbegu.

Wewe uliye Lushoto, ambako liki, zile mboga za shina refu jeupe, hushushwa kuja sokoni kwetu, utanicheka ukisikia kwamba nataka kuziotesha uani. Vitunguu majani havinisumbui: nilivisia kwenye beseni bovu, vikachomoza vimejipinda huku ganda jeusi la mbegu likining'inia nchani, na sasa Mama Rehema huja kuvichuma kana kwamba ni vyake. Zinazogoma ni liki. Pakiti niliyouziwa ilikuwa imetundikwa juani mlangoni mwa duka, ilhali mbegu za jamii ya vitunguu hazitunziki. Hata zikihifadhiwa vizuri, baada ya mwaka mmoja au miwili uotaji hupungua sana, sembuse katika joto na unyevu wa pwani. Tena liki huota vyema zaidi udongo ukiwa na nyuzijoto kama 20 hivi, jambo ambalo Dar es Salaam ya Februari haitupi hata kwa maombi.

Kwa hiyo nakuomba uninunulie mbegu mpya, nizisie kabla ya Juni, ili miche ikulie katika miezi ya ubaridi. Najua zitakomaa joto likiwa limerudi. Nitaziridhia hata zikiwa nyembamba. Miche ikifikia unene wa penseli, nitaitumbukiza kwenye mashimo ya sentimita 15, kila mmoja na shimo lake, nimwagilie maji bila kufukia, kwani udongo hujijaza wenyewe taratibu na shina hubaki jeupe. Mzee Shomari anauita uvivu. Yeye huinulia udongo kwa jembe, kisha mchanga wote huishia kwenye supu ya mkewe.

Je, huko kitalu mnakiwekea kivuli? Samadi ya mbuzi inafaa, au nisubiri ya ng'ombe iliyooza? Wale wadudu wadogo wanaofyonza majani yakabaki na madoa ya kung'aa mnawazuiaje pasipo dawa? Na yule kondakta wa basi la asubuhi bado anapokea vifurushi, au naye amehama? Nijulishe bei mapema, nikutumie fedha kwa simu.

Wako,
Mwanaidi