Laptopu haikuwa imekufa

Mhariri,

Nina neno na mafundi wa kompyuta wa hapa Mombasa, si wote, lakini wenyewe watajijua. Mteja akikuletea laptopu skrini nyeusi usikimbilie kumwambia diski imekufa, muulize kwanza jana yake alikuwa akiifanyia nini. Mimi sikuulizwa, na kidogo nipoteze kazi ya miaka minne.

Nina kibanda changu Majengo cha kuchapa na kutoa kopi, watu waja na mambo yao ya eCitizen, ya KRA, barua za shule, kadi za harusi, yote naifanya na laptopu moja tu, zile zinazokuja zishatumika Uingereza. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Intel i5 ya kizazi cha 7, haijanisumbua hata siku moja. Sasa tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10, nikitaka kuhamia Windows 11 yaniambia mashine hii haifai, maanake kwa Intel wao wataka kuanzia kizazi cha 8 hivi, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 juu yake. Kitu kizima, chafanya kazi, ati kimezeeka! Na kununua nyingine na hizi karo, wallahi siwezi.

Mwana wa dadangu yuko chuo, akanambia, "Khalti, weka Ubuntu kando ya Windows zikae zote mbili, ukiwasha wachagua." Ubuntu ni mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, mmoja katika jamii ya Linux. Haya. Jioni nkatazama video, nkalishusha hilo faili lenyewe karibu GB 6, data yote ikaenda na maji, nkalitia kwenye flashi kwa Rufus, ile programu ya kuifanya flashi iweze kuwasha kompyuta. Nikiwasha laptopu na F12, flashi haipo kwenye menyu. Yule jamaa wa video akasema ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaanza, uwashe Legacy, mimi nkawasha, flashi kweli ikatokea nkafurahi, kabla hata sijagusa kitu stima zikapotea na betri za hizi mashine mwazijua wenyewe. Ikazima. Nkaenda zangu kulala.

Asubuhi nawasha, kiza. Juu kabisa pembeni maandishi meupe, No bootable device, na kakistari kapepesa tu. Nkajaribu mara sita, na mteja amesimama mbele yangu na bahasha ataka CV yake saa nne awe ameshaipeleka bandarini.

Nkaipeleka mjini kwa fundi. Akatoa betri, akairudisha, akawasha mara moja, akatikisa kichwa. "Mama, diski imeenda hii." Diski mpya na kuwekewa Windows elfu nne na mia tano. Nkamuuliza na vitu vyangu vilivyomo? Akasema ikishakufa imekufa, au kama nataka aiformati hiyo hiyo, yaani afute yote yaliyomo, tujaribu bahati. Sasa mwanangu, kama imekufa utaiformati vipi? Humo mna picha za harusi ya binti yangu! Nkamlipa mia tano yake ya kukagua nkaichukua laptopu yangu nkaondoka.

Jumapili yule kijana akavuka kutoka Likoni, akakaa barazani, chai nimemmiminia hata hajaigusa, akabonyeza F2 kisha akaniuliza, "Khalti, humu ulibadilisha kitu?" Basi. Akatoa Legacy akarudisha UEFI, akaseivu, Windows ikaja pale pale na pasiwadi yangu kama ilokuwa imelala. Dakika mbili hazikufika.

Alivyonieleza ni hivi. Laptopu ina njia mbili za kuanza. Ya zamani, hiyo Legacy, yatafuta maagizo pale mwanzo kabisa wa diski. Ya siku hizi, UEFI, yaenda kwenye kijisehemu kidogo cha diski, kwangu ni MB 100, ndimo mlimo mafaili ya kuanzishia. Windows yangu iliwekwa kwa UEFI, mimi nkaiamuru mashine ishike njia ya zamani, ikaenda kutafuta pahali pasipo na kitu ikasema haioni. Diski haina ubaya wowote, ni mgeni amebisha mlango uliozibwa na wenyewe mko uani. Na ile flashi haikutokea mwanzo, kijana alidhani ni kwa sababu kwenye Rufus nliiacha kwa MBR, ule mpango wa zamani wa kupanga diski; kwa mashine yangu akaona afadhali ningechagua mpango mpya, GPT, na UEFI, kabla ya kwenda kuchokora BIOS.

Tukaitengeneza upya siku hiyo hiyo. Kwanza kabisa tukahamisha mafaili yangu kwenye diski ya nje, hapo nlimsimamia. Tukazima Fast Startup, maanake ikiwa imewashwa Windows haizimiki sawasawa, yaiacha diski nusu imefunguliwa na Linux yakataa kuandika humo. Nafasi ya Ubuntu tukaikata tukiwa ndani ya Windows yenyewe. Secure Boot, ile kinga ya kuzuia mfumo usiotambulika usiwake, hatukuigusa, Ubuntu yakubaliwa nayo, ziko Linux nyingine mpaka uizime. Tukamaliza, tukawasha, ikaenda moja kwa moja Windows kama hatujafanya lolote! Nkasema hayo tena. Kijana akacheka, akarudi BIOS kwenye orodha ya kipi kianze, neno ubuntu liko chini, akalipandisha juu ya Windows Boot Manager, na menyu ya kuchagua ikaja. Hapo pia najua fundi angesema Ubuntu haikuingia, lipa tena.

Wenye laptopu mpya za Windows 11 nao wana balaa lao, BitLocker, kufuli la Windows la diski. Nyingi zaja diski imeshafungwa na mwenyewe hana habari, ukigusa tu mambo ya Secure Boot yakutolea skrini ya buluu yataka tarakimu 48. Kijana wa jirani yangu ilimpata, akaipeleka dukani ikaformatiwa, elfu mbili, na kazi yake ya chuo ya muhula mzima ikaenda nayo. Baadae ndo tukaja kuona zile tarakimu zilikuwemo kwenye akaunti yake ya Microsoft siku zote, angeingia kwa simu tu akazinakili. Alilia yule mtoto. Kwa hiyo hizo tarakimu ziandikeni kwenye karatasi kabla hamjaingia BIOS, na karatasi isikae kwenye mkoba wa laptopu.

Na msidhani ni ujinga wetu sisi wa vibanda. Agosti 2024 Microsoft wenyewe walitoa apdeti ikazifungia Linux za watu kwenye kompyuta zenye mifumo miwili, ukiwasha wapata maneno ya SBAT, ukaguzi unaoendana na ile Secure Boot, na kwamba kuna kitu kimeharibika vibaya sana, kisha mashine yajizima. Diski za watu zilikuwa nzima. Sijui ni wangapi huku kwetu waliuziwa diski mpya wiki ile.

Jumatano nlipita kwa yule fundi na laptopu mkononi, iko wazi yawaka. Akaitazama akaniuliza nani kairekebisha, nkamwambia ni mtoto, na nkamwambia alichokifanya. Akanyamaza kidogo, kisha akavuta kiti akaniuliza hiyo GPT kwenye Rufus yachaguliwa wapi, nkakaa nkamuonyesha. Mia tano yangu hakuitaja.

Mwenye kibanda cha kuchapa,
Majengo, Mombasa