Mwacheni Bibi Mwenye Macho Mekundu: Barua kwa Vijana Wanaoandika Hadithi za Kutisha

Wanangu,

Hasira haijanitoka, na sitaisubiri initoke ndipo niandike. Mlinialika kwenye usomaji wenu, nikaja. Mlinikalisha mbele kwa heshima, nikasikiliza hadithi moja baada ya nyingine za binti anayerudi kijijini, mama anayeficha jambo, na tunguri za ukoo zinazosubiri mrithi. Ya mwisho ilianza vizuri kweli. Kisha mlango ukafunguka, bibi akatokea: mgongo umepinda, meno yamepukutika, macho mekundu. Nikajua hapa hadithi imekufa. Wanakijiji wakamfungia ndani, wakaitia nyumba moto, binti akawa huru. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mlikuwa mkimpigia makofi nani? Usukumani na jirani zake, huko kaskazini-magharibi mwa Tanzania, bibi za watu wamekatwa mapanga usiku kwa ushahidi huohuo mlioutumia ninyi: ni mwanamke, ni mzee, macho yake mekundu. Wala si mambo ya kale. Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu, Tabora: waulizeni wenyeji.

Na kwa kuwa mnapenda kuogopesha watu, ngoja niwape kisa cha macho hayo. Enzi za mkoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, yule nzi anayeleta malale, na mashamba ya pamba yakala sehemu nyingine. Miti ikazidi kupungua hadi mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuirudishia nchi ile miti yake. Sasa mwanamke wa huko atapikia nini? Kuni ziko mbali. Anapikia mabua ya pamba, anapikia mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, tangu akiwa binti hadi wajukuu wanamwita bibi. Moshi wa miaka yote hiyo unakaa machoni. Kisha mtoto wa jirani anakufa kwa homa. Watu wanakwenda kwa mpiga ramli, naye hataji jina. Anasema tu adui yuko karibu, ni mwanamke, mtamjua kwa macho. Na mara nyingi bibi huyo ni mjane mwenye shamba ambalo kuna mtu analimezea mate.

Mbung'o, shoka, pamba, moshi, ramli, panga. Hapo hakuna jini hata mmoja, na mimi nywele zinanisimama.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingalipo, na inamtia hatiani hata anayemsingizia mwenzake uchawi. Mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Lakini mtoto hufundishwa nani wa kumwogopa kabla hajajua kama kuna sheria. Anafundishwa na hadithi, na hadithi siku hizi mnaziandika ninyi.

Tena ukiacha hatari, ni uvivu. Bibi wa namna hiyo hatishi. Msomaji amemjua tangu mlangoni, anasubiri tu achomwe. Kinachotisha katika mambo ya mama na binti ni upendo. Mila hailetwi na adui, inaletwa na mkono uliokuogesha ulipokuwa mchanga, na ndiyo maana ni vigumu kuukataa.

Chukueni jambo dogo tu la jina. Kwa makabila yetu mengi mtoto hupewa jina la bibi aliyefariki, na akilia usiku kucha wazee husema marehemu fulani anadai jina. Akipewa, ananyamaza. Kisha mama aliyemzaa anaanza kumwita "mama", kwa kuwa amebeba jina la mama yake. Ni jambo tamu, nimeliona katika nyumba nyingi na hadi leo linanifurahisha. Sasa lisogezeni kidogo. Binti ana miaka minane. Mama yake akielemewa na mambo anakuja usiku kukaa kitandani pake, anamwita mama, anamwomba ushauri. Usiku mmoja anaomba msamaha kwa kosa alilomtendea marehemu, kosa ambalo hajawahi kumwambia mtu yeyote. Na mtoto anamjibu. Mnaona? Sikuhitaji ungo wala fisi.

Ndugu Grimm wa Ujerumani walipochapa ngano zao mwaka 1812, malkia aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 wakamgeuza mama wa kambo. Naona walimwonea haya mama. Nasi tunaye mama wa kambo wetu, tumemtwika kila ubaya ili mzazi abaki msafi. Msikimbilie huko. Mama mzazi anatosha.

Na zipo hofu ambazo hazihitaji kutungwa. Singida na Dodoma watoto wachanga wamekeketwa kwa madai ya kutibu lawalawa, maambukizi ya sehemu za siri yanayotibika kwa dawa za hospitali. Sheria ya mwaka 1998 ilipokataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, wapo waliohamia kwa wachanga, ambao hawawezi kusimulia. Mwenye wembe hapo si mchawi. Ni bibi anayeamini anamwokoa mjukuu. Mama wa mtoto yuko mlangoni, naye alipitishwa hapohapo akiwa msichana. Anasema nini? Andikeni kurasa kumi za mama yule pale mlangoni, kisha ndipo mniite tena ukumbini. Mwaka 1996 utafiti wa kitaifa ulikuta wanawake 18 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 umekuta 8. Kwa hiyo wapo mama waliogoma, wakagombana na mama zao, wakakosa kualikwa kwenye shughuli za ukoo. Hao sijawasikia katika hadithi zenu hata mara moja.

Mengine nayataja tu. Mganga na mchawi ni watu wawili. Msichanganye mila za Wamakonde na za Wakurya katika kijiji kimoja kisicho na jina. Punguzeni damu. Mama apewe jina lake, asiishie kuwa Mama Fulani. Msimalize kwa binti kuzinduka usingizini. Na ninyi mnaosoma simulizi kwa sauti, bibi si lazima akorome kila akitaka kuomba maji.

Nisiwaonee lakini, hamkuanza ninyi. Jamii nzima imegeuza ukoo kuwa mahali pa kutafuta mshtakiwa. Binti ana miaka thelathini hajaolewa, anaambiwa bibi yake amemfunga. Biashara imeanguka, ni laana ya ukoo. Mimba imeharibika, kuna agano la akina mama wa zamani linapaswa kuvunjwa, na mhubiri wa kulivunja anataka sadaka kwanza. Hakuna anayemuuliza binti kama alipimwa, wala mfanyabiashara kama aliandika hesabu. Bibi hayupo kwenye mahubiri hayo kujitetea, au yupo kijijini anapiga simu na simu haipokelewi, maana wajukuu wameonywa wasipokee. Nawajua mabinti waliokata mawasiliano na bibi zao kwa mahubiri ya siku moja. Hadithi hiyo nayo ipo, inatisha, na inawahusu wengi wa wasomaji wenu.

Kabla hamjaandika nyingine, kaeni na mama zenu mwaulize ni kitu gani walipewa na mama zao wakaamua wasiwape ninyi. Muulizeni akiwa anafanya kazi zake, msimkalishe kama shahidi mahakamani. Asipotaka kusema, muacheni, mrudi siku nyingine.

Mwenye hoja ya kunipinga aje na hadithi mkononi. Nitaisoma.

Mama yenu,
Mwalimu mstaafu