Barua kwa Baba, Kongwa: Kuhusu Ile Asilimia 4

Columbus, Ohio

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba Mama amepata nafuu na mtama umeota vizuri. Sisi huku hatujambo.

Umeniuliza: ikiwa Marekani wasio na ajira ni karibu asilimia 4 tu, na kwetu pia kiwango ni kidogo kikipimwa kimataifa, Yohana anakosaje kazi kama si uvivu? Takwimu hizo hazijapikwa, Baba, ila zinajibu swali dogo kuliko lile unalouliza wewe. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni yule ambaye hakufanya kazi yoyote, yuko tayari kuifanya, na ameitafuta katika majuma manne yaliyopita. Aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika juma husika huhesabiwa kuwa ana ajira. Kwa hiyo Yohana na shahada yake, akibeba magunia siku moja pale soko la mahindi Kibaigwa, anawekwa kundi moja na karani wa wizara kule Mtumba. Binti wa shangazi, aliyechoka kutuma maombi akaacha, haonekani katika hesabu hiyo, kwa kuwa amehesabiwa kuwa nje ya nguvukazi, yaani walio kazini pamoja na wanaoitafuta kazi. Ndiyo maana nchini kwetu hutumika pia tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi, inayowajumuisha walio tayari kufanya kazi ingawa hawakuitafuta, na utafiti mmoja ukatoa viwango viwili vilivyo sahihi vyote.

Tena kukaa bila kazi huku ukitafuta iliyo nzuri kunahitaji mtu wa kukulisha. Huku aliyeachishwa kazi bila kosa lake anaweza kulipwa bima ya ukosefu wa ajira, katika majimbo mengi hadi majuma 26, lakini Kongwa asiyefanya chochote hana cha kula, hivyo hushika kibarua chochote, na kiwango kikabaki chini wakati mifuko ni mitupu.

Hata huku namba hiyo haijitoshelezi. Oktoba 2009 ilikuwa asilimia 10, ilhali kipimo kipana, kinachowaongeza waliokata tamaa na wanaofanya kazi za saa chache kwa kukosa za siku nzima, kilizidi asilimia 17. Baadaye kiwango kilishuka, lakini sehemu ya watu wazima waliomo katika nguvukazi nayo ilipungua, kutoka takriban asilimia 66 mwaka 2007 hadi chini ya 63 mwaka 2014; baadhi walikuwa wazee waliostaafu, jambo lisilo na ubaya, na wengine walichoka kutafuta.

Sisemi kiwango hicho kitupwe, kwani kikipanda ghafla kwa kipimo kilekile, kuna jambo. Lakini kwa wilaya yetu ningeuliza kwanza watu wanapata saa ngapi za kazi, kwa ujira gani, na kama watakuwa nayo mwezi ujao.

Kwa hiyo nakuomba, Baba, usimwite Yohana mvivu mbele ya wajomba. Katika fedha nilizotuma, nusu ni ya mbegu za alizeti. Inayobaki mpe awe na nauli ya kwenda Dodoma mjini atakapoitwa kwenye usaili.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Eliya