Shahada ya nyuklia mtandaoni: uliza kwanza ithibati ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita mpwa wangu aliyeko Tanga, fundi sanifu wa umeme, alinipigia simu akiwa na furaha isiyo kifani. Amepata chuo cha Marekani kinachofundisha teknolojia ya uhandisi wa nyuklia kwa njia ya mtandao, shahada kamili, bila viza wala nauli. "Mjomba, wanataka dola mia tano za kushika nafasi kabla ya Ijumaa. Na wameandika wana ithibati ya kimataifa." Nikamwambia asitume hata senti mpaka anijibu: ithibati hiyo, yaani hakikisho rasmi la ubora wa masomo, imetolewa na nani, na imepewa nani, chuo au programu yenyewe? Akanyamaza. Sikumlaumu. Swali hilo na mimi lingeninyamazisha miaka ile, na nililipa gharama yake.

Kazi yangu ni ulinzi wa mionzi katika mitambo ya nyuklia hapa Marekani. Kinu cha nyuklia kinapozimwa ili kubadilishwa fueli, sisi ndio tunaotangulia na vipimo kabla mafundi hawajaingia, na ndio tunaowaambia wenzetu wakae dakika ngapi mahali fulani. Ni kazi nzuri, lakini bila shahada hupandi. Kwa hiyo nilijiandikisha katika chuo kimoja cha mtandaoni ambacho sitakitaja. Mihula miwili nilisoma kwenye meza ya jikoni nikitoka zamu ya usiku, watoto wakiwa wamelala. Nilipotaka kuhamia chuo kingine, mama mmoja wa ofisi ya usajili alichukua karatasi ya matokeo yangu, akashusha kidole hadi kwenye jina la taasisi iliyotoa ithibati, kisha akanigeuzia kompyuta yake. Ilikuwa orodha ya taasisi za ithibati zinazotambuliwa nchini. Jina lile halikuwemo. Masomo manane, na halikupokelewa hata moja. Baadaye niligundua kwamba anwani ya taasisi ile na anwani ya chuo ilikuwa moja.

Ndiyo maana naandika. Vijana wetu wanaiona ithibati kama pambo la chini ya ukurasa, kumbe ndiyo inayoamua kama miaka yako minne itahesabiwa au la.

Hapa Marekani ithibati ina ngazi mbili, na matapeli wanaishi katika mwanya uliopo kati yake. Ya kwanza ni ya chuo kizima, na anayeitoa lazima awe anatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani au na baraza la CHEA. Bila hiyo, vyuo vingi havitazipokea krediti zako, yaani masomo uliyokwisha kufaulu. Ya pili ni ya programu moja moja, na katika fani za uhandisi mtoaji ni ABET, chombo kilichoanza mwaka 1932 kwa jina jingine. ABET haitoi ithibati kwa chuo. Chuo kinaweza kuwa na programu ya umeme yenye ithibati na ya nyuklia isiyo nayo, zote kwenye tovuti ileile, chini ya nembo ileile.

Wanaodhani masomo ya mtandaoni hayawezi kupata ithibati hiyo wamekosea. Excelsior cha New York na Thomas Edison State cha New Jersey, vyuo vya watu wazima wanaofanya kazi, vimekuwa na programu za teknolojia ya uhandisi wa nyuklia zilizopata ithibati ya ABET, na wengi wa wanafunzi wake ni watu waliohudumia vinu vya manowari na meli za jeshi la majini la Marekani. Ili kuipata, walimu wanaandika ripoti ndefu ya kujichunguza. Kisha wanakuja wakaguzi, watu wa fani hiyohiyo wanaojitolea, wanafungua kazi za wanafunzi, wanauliza maabara inafanywaje na mtu aliye mbali, wanadai ushahidi kwamba mhitimu anaweza kufanya kile ambacho programu inadai anaweza. Programu isiyo na mhitimu hata mmoja haipewi. Na ikipewa, haipiti miaka sita kabla ya kukaguliwa upya kwa ukamilifu.

Hapa kuna jambo ambalo hata wanaojua huliruka. ABET ina kamisheni mbalimbali, na mbili kati yake ndizo zinazotuhusu: EAC ya uhandisi na ETAC ya teknolojia ya uhandisi. Shahada za mtandaoni ninazozisema ziko chini ya ETAC. Si aibu hata kidogo. Mitambo inaendeshwa na kutunzwa na watu wa teknolojia. Lakini si kitu kimoja. Ukitaka leseni ya mhandisi mtaalamu hapa Marekani, yapo majimbo yatakayokubali shahada ya ETAC ukiongeza miaka ya kazi, na yapo yatakayokukatalia kabisa. Mikataba ya kutambuana kimataifa nayo imegawanyika: wa Washington wa 1989 ni wa wahandisi, wa Sydney ni wa wanateknolojia. Kijana anayesoma teknolojia akiamini atatoka mhandisi anajidanganya hata kama ithibati ya chuo chake ni safi kama theluji ya Kilimanjaro.

Wapo watakaosema, kwani karatasi ndiyo inayoendesha kinu? Haiendeshi. Mwendeshaji hupewa leseni na NRC, tume ya Marekani inayosimamia nyuklia, baada ya mafunzo marefu na mitihani, na shahada peke yake haimkalishi mtu kwenye chumba cha udhibiti. Lakini hata mafunzo hayo ya mitambo leo yanapewa ithibati, na sababu yake ni ajali ya Three Mile Island, mtambo wa nyuklia wa Pennsylvania. Machi 28, 1979, saa kumi alfajiri, vali moja ya kinu namba 2 ilifunguka ikakataa kufunga. Taa kwenye paneli ilizimika. Waendeshaji wakaamini vali imefunga, kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Maji ya kupoza kinu yakaendelea kutoka. Wao wakapunguza maji ya dharura, kwa sababu mafunzo yao yaliwatia hofu ya mtungi wa kudhibiti mgandamizo kujaa maji pomoni. Karibu nusu ya kiini cha kinu kikayeyuka. Hawakuwa wavivu wala wajinga, walifanya walichofundishwa. Tume iliyoundwa na Rais Carter chini ya John Kemeny ilisema wazi kwamba mafunzo yalikuwa na upungufu mkubwa, na mwaka huohuo wenye mitambo wakaunda taasisi ya INPO, ambayo hadi leo inahakikisha mafunzo yao yanakaguliwa na watu wa nje.

Kila nikisoma maneno "ithibati ya kimataifa" yasiyo na jina la mtoaji, naikumbuka taa ile. Inakuonyesha amri imetumwa. Vali huioni.

Kwetu nyumbani jambo hili halitasubiri. Kenya inazungumzia kinu, Uganda imeshataja Buyende kuwa mahali pa kujenga chake, na sisi tuna urani Namtumbo na Tume ya Nguvu za Atomiki inayosimamia mionzi ya hospitali na migodi. Watu watahitajika, na wengi watasoma wakiwa kazini kwa sababu hawana njia nyingine. Kijana akirudi na cheti cha nje, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo itakayokitambua au kukikataa, na akitaka kujisajili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi itamuuliza alisoma nini hasa. Nawaomba wakuu wa vyombo hivi viwili wawaeleze vijana kwa Kiswahili chepesi, kabla hawajalipa ada, shahada ya teknolojia ya uhandisi iliyosomwa mtandaoni itamweka mtu katika daraja gani la usajili. Na gazeti lako, Ndugu Mhariri, lina uwezo wa kuwauliza na kuchapa jibu lao.

Mpwa wangu aliwaandikia wale watu. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: ithibati ya programu "iko katika mchakato," na punguzo la ada linakwisha Ijumaa. Tuliingia pamoja kwenye tovuti ya ABET, kila mmoja na simu yake, tukatafuta jina la chuo, halafu la programu. Hakuna. Ijumaa imepita, na dola zake mia tano bado ziko benki Tanga. Jumapili hii tumepanga kukaa tena kwenye simu, tusome orodha ya masomo ya programu nyingine, iliyomo kwenye orodha ya ABET, somo kwa somo, tuone kama hesabu zake za diploma zinatosha kumwingiza.

Mtanzania mfanyakazi wa ulinzi wa mionzi,
Georgia, Marekani