Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliopanda kilima hiki asubuhi na baridi yote hii, wanafunzi wenzetu. Wakubwa wetu, shikamooni.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kuwa nasi hapa Mbeya leo. Mwaka huu klabu yetu ilichagua kiungo kimoja tu, figo, tukakisoma muhula mzima. Aliyetusukuma ni baba wa mwenzetu wa Kidato cha Tatu, mkulima wa ndizi huko Tukuyu. Figo zake zimeshindwa kazi, na sasa husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari. Tulipomtembelea, kilichotugusa zaidi ni sahani yake. Ndizi haruhusiwi, parachichi haruhusiwi, na viazi mviringo ni lazima vikatwe vidogo, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena. Mtu amezungukwa na migomba yake mwenyewe na hawezi kula ndizi zake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyakula hivyo vina potasiamu nyingi, aina ya madini. Chakula cha siku moja huweza kuwa na potasiamu nyingi kuliko ile yote iliyomo katika damu na majimaji yanayozunguka seli zetu. Ingebaki humo, mapigo ya moyo yangevurugika, hata moyo ungesimama. Lakini sisi tunakula ndizi na maharage mchana, usiku viazi, na potasiamu katika damu inabaki palepale, kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Seli huipokea kwa muda, kisha figo huitoa ziada polepole kupitia mkojo.

Kwenye mitihani tulizoea kuandika kwamba figo hutoa uchafu mwilini. Jibu hilo lina alama zake, ila ni dogo mno kwa kazi yenyewe. Kila figo ni kubwa kama ngumi, na ndani yake mna vichujio vidogo, nefroni, vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku figo mbili huchuja lita 180 hivi za majimaji kutoka kwenye damu, yaani ndoo tisa za lita 20. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu tu. Figo humwaga kwanza karibu kila kitu, kisha huokota kinachohitajika: sukari yote, maji na chumvi kwa kipimo cha siku hiyo, na baikaboneti inayozuia damu isiwe na tindikali. Mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard, katika karne ya 19, aliyaita majimaji yanayozunguka seli zetu mazingira ya ndani ya mwili. Miaka ya 1920 Mmarekani Walter Cannon akaupa utulivu wake jina la homeostasisi.

Kipimo hubadilika na mahali. Mwenzetu akiwa likizo Kyela hutoka jasho jingi. Ubongo huhisi damu imekolea, hutoa homoni inayoamuru figo zirudishe maji, na mkojo huwa kidogo na wa njano iliyoiva. Akirudi huku mwezi wa Juni, mishipa ya ngozi hujikunja kwa baridi, damu hukusanyika katikati ya mwili, na figo huona maji yamezidi. Ndiyo maana tunakwenda haja ndogo mara kwa mara hata bila kunywa. Na kwa kuwa tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, figo hutoa pia erithropoietini, homoni inayohimiza uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi.

Kwenye maji ndipo penye shida yetu, Mheshimiwa. Kwa wiki moja tuliandika kila tulichokunywa. Wengi wetu, hasa wasichana, tulikuwa tumekunywa kikombe cha uji asubuhi, basi, hadi jioni. Hatukusahau maji. Tuliyakwepa, kwa sababu vyoo ni vichache na bomba la karibu halitoi maji. Mkojo ukibanwa kwa saa nyingi bakteria hupata nafasi, na maambukizi yakipanda hufika kwenye figo.

Kwa hiyo tunaomba bomba la maji ya kunywa karibu na madarasa, na matundu ya vyoo vya wasichana yaongezwe. Tunaomba pia utusaidie kumpata mhudumu wa afya siku ya kikao cha wazazi, awapime shinikizo la damu na sukari, kwani hayo mawili ndiyo yanayoharibu figo za watu wazima wengi, tena bila maumivu, na awaeleze hatari ya kumeza dawa za maumivu kila siku bila ushauri. Meza ya kupimia na viti tutaviandaa wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.