Anaishi kwa imani, au kwa Imani?

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma yote, ila pale uliposema herufi kubwa ni pambo tu, kwa kuwa mtu akizungumza hakuna anayeisikia, nimeshindwa kunyamaza.

Kwanza nikupe haki yako. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo, na watu walisomana vizuri. Naona upatanisho wa kisarufi uliwasaidia sana. "Neema imefika" ni mambo yamenyooka. "Neema amefika" ni mgeni yupo mlangoni. Moshi umetanda, Moshi imepanuka. Tanga limechanika, Tanga imechangamka. Jibu liko kwenye kitenzi, hata neno linapoanza sentensi, mahali ambapo herufi kubwa huwapo kwa vyovyote na haimwambii msomaji lolote.

Lakini tazama pale kitenzi kinapokosa la kusema. "Anaishi kwa imani." "Anaishi kwa Imani." Wa kwanza anamtegemea Mola wake, wa pili kapewa hifadhi kwa mtu. "Alirudi bila tumaini" ni kukata tamaa. "Alirudi bila Tumaini", basi tuulize mwenzake kabaki wapi. Majina yetu mengi ni maneno ya kila siku: Baraka, Amani, Furaha, Shida, na hilo lako pia. Anayeandika ujumbe mzima kwa herufi ndogo anamnyima msomaji alama pekee ya kumwongoza, na jambo hilo linaniudhi kweli.

Wajerumani wamekwenda mbali zaidi, maana kwao kila nomino huanza kwa herufi kubwa: "morgen" ni kesho, "Morgen" ni asubuhi. Hata "sie" ni wao, ila "Sie" ni wewe unayeheshimiwa. Wadenmaki nao walikuzia nomino zao hivyo hivyo hadi 1948, wakaacha.

Neno linalonisumbua zaidi ni Mungu na mungu. Yote mawili ameumba, yote mawili anasikia. Upatanisho hausaidii kitu mpaka ufike kwenye wingi, miungu. Katika umoja, herufi ile moja ndiyo inayobeba imani nzima ya mwandishi, au ya wale anaowasimulia. Wewe ukisimulia habari za watu wa kale walioabudu mmoja kati ya wengi, wakamwita kwa heshima zote, huwa unamwandikaje?

Nasubiri jibu lako.

Wako,
Zuberi