YAH: MALALAMIKO KUHUSU BOMBA LA MOSHI LA HITA YA MAJI NA TANURU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Nitajitahidi kuandika kwa adabu, ingawa fundi wenu aliyefunga bomba hilo hakunionyesha hata chembe yake.

Masharti ya dhamana mnayajua, ninyi ndio mlioyaandika. Naanza na king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi. Kilipolia, fundi wenu alikuwa bado yupo, vifaa vyake vimetapakaa sakafuni. Hakufunga gesi. Hakufungua dirisha. Alipanda kiti, akakibandua king'ora ukutani, akatoa betri, akanipa mkononi: "Mama, hivi vidude vina kelele tu. Usivisikilize." Kisha akaomba nisaini fomu.

Viungo vya bomba alilofunga havina skrubu hata moja. Vimezungushiwa utepe wa alumini basi. Bomba lenyewe, ambalo linatakiwa lipande kuelekea dohani angalau sentimita 2 kwa kila mita, limebonyea katikati, na maji ya mvuke yametuama hapo yakianza kula bati. Fundi mwingine, niliyemlipa mwenyewe, alisogeza njiti inayofuka moshi kwenye kofia ya hita, pale juu moshi unapoingilia bomba: moshi haukuvutwa juu, ulitupiga usoni. Na tanuru la kupasha nyumba joto linatumia dohani hiyohiyo.

Tena kabla ya hayo yote, nilipopiga simu kwenu kueleza kwamba tunaumwa vichwa, niliulizwa kama nasikia harufu. Nikasema sisikii. "Basi hakuna tatizo." Jamani! Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. King'ora mnadhani kimewekwa cha nini?

Baadaye mtu wenu wa simu alikiita kisa hiki "kutoelewana kidogo". Basi narudia, aelewe: king'ora kinalia, mwanangu yuko chumba cha juu analalamika kichwa na kichefuchefu, na mwanamume mwenye nembo yenu kifuani ananiwekea betri kiganjani kama kondakta anayerudisha chenji. "Usivisikilize." Mtoto anaumwa, mimi nisaini.

Nilipoanza kuandika nilitaka bomba lifungwe upya, yaishe. Sasa nataka fedha yangu yote, pamoja na gharama ya fundi wa pili. Nataka pia maelezo ya maandishi kwamba kila nyumba aliyofanyia kazi mtu huyo imekaguliwa, maana sidhani kwangu ndiko alikojifunzia. Yeye asikanyage tena mlangoni kwangu.

Nawapa siku 7. Zikipita, picha za bomba, ripoti ya fundi wa pili na ile fomu vitakwenda kwa mamlaka inayosimamia usalama wa gesi, na nakala kwa wakili. Hapo tutazungumzia fidia, si marejesho tena.

Na tafadhali, acheni kunitumia ujumbe wa kuomba niwape nyota tano.

Mteja wenu,
(jina na namba ya kazi vimo kwenye risiti niliyoambatisha)